Kupwa, Kujaa na Kupwelewa: Lugha ya Wakati katika Mlango wa Mkanda

Utangulizi

Kati ya kisiwa cha Manda na bara, katika funguvisiwa la Lamu, upo mlango mwembamba wa bahari unaoitwa Mkanda. Kushoto na kulia umezungukwa na mikoko. Kwa vizazi vingi ndiyo njia fupi ya kutoka bandari ya Lamu kwenda Pate, Siyu na Faza kwa anayetaka kuepuka bahari kuu. Maji yakijaa, chombo hupita. Maji yakipwa, sehemu za njia hiyo hubaki tope na mchanga, na chombo kilichokosea hesabu hulala ubavu mpaka bahari itakapokirudia. Nahodha anayeikwepa njia hiyo hana budi kuzunguka nje ya Manda, apite Shela, akabiliane na mawimbi ya bahari iliyo wazi. Kwa hiyo kila safari ya kwenda Pate huanza na swali lililo gumu kuliko linavyosikika: maji ya leo ni maji gani, na yatajaa saa ngapi?

Mhadhara huu unalichunguza swali hilo kwa upande wa lugha. Hoja kuu inayotetewa ni kwamba msamiati wa maji wa Kiswahili, yaani maneno kama kupwa, kujaa, bamvua, maji mafu na kupwelewa, ni mfumo kamili wa kupima wakati. Mfumo huo una siku zake, saa zake na kanuni zake, na usahihi wake umekuwa ukipimwa kwa mizigo na kwa roho za watu. Hoja ya pili ni kwamba namna kamusi zilivyouhifadhi msamiati huo imeyaokoa maneno na kuuacha mfumo.

Mwezi kama saa

Ni jambo linalojulikana kwamba katika pwani ya Afrika Mashariki bahari hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa muda unaozidi kidogo siku moja. Kutoka kujaa hadi kupwa hupita saa sita na dakika chache. Kwa kuwa mwezi huchelewa kila siku, kujaa nako huchelewa kwa wastani wa dakika 50 hivi. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, nguvu ya jua na ya mwezi huungana, bahari ikajaa sana na kupwa sana. Hayo ndiyo maji ya bamvua. Mwezi unapokuwa nusu, nguvu hizo hupingana, na tofauti ya kujaa na kupwa huwa ndogo. Hayo ndiyo maji mafu. Katika eneo la Lamu, tofauti kati ya kujaa na kupwa siku za bamvua hukaribia mita 3, ilhali siku za maji mafu hushuka hadi kiasi cha mita 1.

Hadi hapo hakuna ambacho kitabu cha jiografia hakikisemi. Lililo muhimu kwa mada hii ni kwamba katika pwani hii bamvua ina saa yake maalumu. Siku ya mwezi mpevu, bahari hujaa karibu na saa kumi: saa kumi alfajiri na tena saa kumi jioni. Siku ya maji mafu, hujaa karibu na saa nne: saa nne asubuhi na saa nne usiku. Saa hizo hutofautiana kidogo tu kutoka Mtwara hadi Lamu. Mvuvi wa Kilwa na nahodha wa Faza wanaweza kuwa hawajaonana kamwe, lakini wakitajiwa siku ya mwezi hufikia takribani saa ileile.

Hapa ndipo namna ya Kiswahili ya kuhesabu saa inapodhihirisha manufaa yake. Kwa kuwa saa za Kiswahili huanza upya jua linapochomoza na linapotua, kujaa kwa mchana na kujaa kwa usiku huangukia karibu tarakimu moja. Anayesema leo maji yanajaa saa kumi ametaja nyakati mbili kwa neno moja. Vilevile mwezi wa kalenda ya Kiislamu, unaoanza kwa kuonekana kwa hilali, humpa msafiri tarehe ambayo ndani yake mna hali ya bahari. Mwezi kumi na nne ni kujaa saa kumi. Mwezi kumi na saba, baada ya siku tatu za kuongeza dakika zisizopungua 40, ni kujaa baina ya saa kumi na mbili na saa moja. Mwezi ishirini na moja au ishirini na mbili ni kujaa saa nne, na maji yenyewe ni mafu. Mtu asiyejua kusoma jedwali aliweza kulikokotoa jedwali zima kichwani, mradi ajue mwezi ni wa ngapi.

Kitendawili cha Mkanda

Mfumo huo unapoletwa kwenye mlango wenyewe, huzaa kitendawili. Chukuliwe mfano wa nahodha mwenye jahazi lililosheheni, ambalo sehemu yake kubwa imezama majini. Anahitaji maji mengi, kwa hiyo anahitaji bamvua. Lakini bamvua hujaa saa kumi. Kujaa kwa alfajiri humkuta gizani, katika njia ambayo kingo zake ni mikoko mitupu na mafungu yake hayana taa. Kujaa kwa jioni humpa mwanga wa saa mbili tu kabla ya jua kutua. Kwa upande mwingine, maji mafu hujaa saa nne asubuhi, saa iliyo bora kabisa kwa kuona njia, lakini maji yenyewe hayatoshi. Bahari humpa kina pasipo mwanga, kisha humpa mwanga pasipo kina.

Jawabu hupatikana katika siku za katikati, nazo ni za aina mbili. Aina ya kwanza ni siku chache kabla ya bamvua. Mwezi kumi na mbili, kwa mfano, bahari hujaa baina ya saa nane na saa tisa mchana. Mwanga upo, na kina kinaongezeka siku baada ya siku. Aina ya pili ni siku chache baada ya bamvua, kama vile mwezi kumi na saba au kumi na nane, ambapo bahari hujaa mapema asubuhi. Mwanga upo, siku nzima iko mbele ya msafiri, na upepo wa asubuhi kwa kawaida haujawa mkali.

Kwa mtazamo wa haraka aina ya pili ndiyo bora. Nahodha mzoefu, hata hivyo, huzipima siku hizo kwa swali jingine: chombo kikikwama, nini kitafuata? Anayekwama mwezi kumi na mbili ana kesho yenye maji makubwa kuliko leo. Atalala usiku mmoja mikokoni akipigwa na mbu, kisha bahari itamnyanyua. Anayekwama kileleni mwa kujaa mwezi kumi na saba anakabiliwa na maji yanayopungua kila siku. Maji yaliyomweka pale yanaweza yasirudi kwa kiasi hichohicho mpaka bamvua ya mwezi mwandamo, yaani baada ya karibu wiki mbili. Kosa ni lilelile, mchanga ni uleule, lakini adhabu hazilingani.

Hesabu ya siku hufuatwa na hesabu ya saa. Bahari haijai kwa mwendo mmoja. Katika saa ya kwanza hupanda kidogo, katika saa ya tatu na ya nne hupanda nusu nzima ya kiasi chote, na katika saa ya sita hupanda kidogo tena. Siku ambayo tofauti ni mita 3, saa hizo mbili za katikati peke yake huongeza mita moja na nusu. Kwa sababu hiyo busara si kungoja maji yafike kileleni ndipo kuingia Mkanda. Chombo huingia maji yangali yakijaa, ili kikigusa mchanga kinyanyuliwe baada ya muda mfupi. Anayeingia maji yakiwa yamesimama hana akiba. Dakika chache za kuchelewa humgeuza kutoka mpitaji kuwa mfungwa.

Upepo nao una neno lake. Wakati wa kusi, chombo kinachotoka Lamu kwenda Pate husukumwa kutoka nyuma. Wakati wa kaskazi hukutana na upepo usoni. Katika bahari pana nahodha angebisha, akipiga pembe huku na huku. Katika mlango mwembamba nafasi ya kubisha ni finyu, kwa hiyo tanga huteremshwa na upondo hushikwa. Kasi ya upondo ni ndogo, kwa hiyo saa ya kuingia hubidi irudishwe nyuma. Hivyo hesabu moja huunganisha mwezi, saa, msimu, mzigo na nguvu za mabaharia.

Kitenzi kupwa na watoto wake

Baada ya kuiona kazi, inafaa kurejea kwenye maneno. Kitenzi -pwa ni cha silabi moja, na kama vitenzi vingine vya jamii yake hubeba ku- katika baadhi ya nyakati: maji yanakupwa, maji yamekupwa. Udogo wake usimpumbaze mchunguzi. Katika kitenzi hicho, kwa kuongezewa kiambishi cha mahali, limepatikana neno pwani. Maana yake ya asili ni mahali panapokupwa, yaani sehemu ambayo bahari huifunika na kuifunua. Watu wa Pwani, kwa tafsiri hiyo, ni watu wa mahali ambapo maji huja na kuondoka. Jina la eneo zima limetokana na mwendo wa maji.

Unyambuaji huleta jambo la kuvutia zaidi. Kwa kauli ya kutendea, -pwa huzaa -pwelea. Kauli ya kutendwa ikiongezwa hapo, hupatikana -pwelewa: kuachwa na maji mahali pakavu. Katika sentensi nahodha amepwelewa, aliyetenda hatajwi. Bahari haikumkusudia. Ilifanya kazi yake ya kila siku, naye akawa yupo mahali asipostahili kuwapo kwa wakati ule. Muundo huo si wa pekee. Anayefiwa hakuuawa, mwingine alikufa, yeye akapatwa na kifo kile. Anayenyeshewa hakulengwa na mvua. Kiswahili kina namna maalumu ya kumtaja mtu anayepatwa na tukio lisilomhusu.

Ndani ya kundi hilo limo kundi dogo la wakati. Kitenzi -cha, chenye maana ya kupambazuka, kimehusishwa na wanaleksikografia na kitenzi -chelewa: kukutwa na mapambazuko kabla ya jambo kutimia. Kitenzi -chwa, chenye maana ya jua kutua, huzaa -chwelewa: kukutwa na machweo njiani. Na -pwa huzaa -pwelewa. Vitenzi hivyo vitatu huonyesha fikra moja. Mapambazuko, machweo na kupwa ni mipaka mitatu ya wakati isiyowekwa na binadamu, na lugha inayo sauti maalumu kwa anayepitwa na kila mmoja.

Hatima za vitenzi hivyo zimetofautiana. Kuchelewa kumesambaa kila mahali Kiswahili kinaposemwa, hadi Bujumbura na Lubumbashi, na wasemaji wengi hawalisikii tena pambazuko lililomo ndani yake. Wanapoonya kwamba chelewa chelewa utakuta mwana si wako, hawafikirii alfajiri. Kuchwelewa kunasikika kwa nadra. Kupwelewa kumebaki kwa watu wa bahari, na pengine katika mafumbo, ambapo mtu aliyeishiwa na njia husemwa kuwa amepwelewa. Kitenzi kilichohama na wasafiri wa bara kimeishi kwa kusahau asili yake. Kilichobaki ufukweni kimeihifadhi asili, lakini wasemaji wake wanapungua.

Ushahidi wa Shela

Pasije pakadhaniwa kwamba haya ni mambo ya mabaharia peke yao, inafaa kukumbuka tukio lililotokea karibu na lango hilohilo la bandari ya Lamu. Mnamo 1812 au 1813, kwa tarehe zinazotajwa na wanahistoria, majeshi ya Pate pamoja na washirika wao Mazrui wa Mombasa yalishuka Shela kuishambulia Lamu. Yalishindwa. Simulizi za Lamu zinaeleza kwamba yalipokimbilia vyombo vyao, yalivikuta vimelala mchangani kwa sababu maji yalikuwa yamekupwa. Hapakuwa na pa kukimbilia, na wengi waliuawa ufukweni.

Matokeo ya siku hiyo yanajulikana. Pate haikurudia nguvu zake za awali. Lamu, ikihofia kulipiziwa kisasi, iliomba himaya ya Sayyid Said wa Oman, na ngome ya Lamu ilikamilika mnamo 1821. Mamlaka ya Oman katika pwani ya kaskazini yalipata nafasi ya kujiimarisha. Bila shaka sababu za kisiasa zilikuwa nyingi, na hakuna mwanahistoria makini atakayeuhusisha mwelekeo wa karne nzima na maji ya siku moja. Hata hivyo, katika masimulizi yenyewe, tofauti kati ya jeshi lililoshindwa na jeshi lililoangamizwa ni tofauti ya saa chache za bahari. Waliopwelewa Shela walitoka Pate, kisiwa ambacho watu wake waliyajua maji haya kama walivyozijua nyua zao. Ujuzi ulikuwapo. Kilichokosekana ni muda wa kuutumia.

Mkondo wa Nungwi: mfano wa kulinganisha

Si kila mlango una kitendawili cha aina moja. Kati ya Unguja na Pemba, kaskazini mwa Nungwi, hakuna hofu ya kupwelewa, kwa kuwa kina kipo tele. Hofu ya pale ni mkondo. Mkondo wa pwani ya Afrika Mashariki huelekea kaskazini mwaka mzima na huongeza kasi wakati wa kusi. Kaskazi inapovuma, upepo hukutana uso kwa uso na mkondo huo, na mawimbi huwa mafupi yenye kuta zilizosimama, ambayo huchosha chombo kuliko mawimbi marefu ya bahari kuu. Msafiri wa Mkanda huuliza kama maji yatatosha; msafiri wa Nungwi huuliza kama maji na upepo vimepatana.

Tarehe 10 Septemba 2011 meli ya Spice Islander I ilizama katika eneo hilo ikielekea Pemba, na mamia ya watu walipoteza maisha. Meli hiyo ilikuwa imepakia watu kupita kiasi. Kulitaja tukio hilo katika mhadhara wa lugha si kutafuta sababu nyingine ya msiba ambao sababu yake iko wazi. Linatajwa kwa sababu hukumbusha kwamba hesabu ya nahodha wa zamani haikuwa ya maji peke yake. Mzigo ulikuwa sehemu ya hesabu. Chombo kizito na chombo chepesi havikuwa na saa moja ya kuondoka, na kuna siku ambayo jawabu sahihi lilikuwa kutoondoka.

Kamusi na mfumo uliotawanyika

Msamiati wa bahari haukupuuzwa na waandishi wa kamusi. Krapf, aliyefika Mombasa mwaka 1844 na ambaye kamusi yake ilitoka mwaka 1882, aliyakusanya maneno mengi ya vyombo na maji. Sacleux, katika kamusi yake iliyoanza kutoka mwaka 1939, aliyaongeza. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya TUKI, tangu chapa yake ya mwaka 1981, imeyarithi mengi. Prins, katika utafiti wake wa mwaka 1965 kuhusu ubaharia wa Lamu, aliyaweka maneno hayo ndani ya maisha ya watu wanaoyatumia.

Tatizo ni mpangilio. Bamvua imewekwa katika herufi B, kusi katika K, maji mafu katika M, kupwa katika P. Msomaji huambiwa kwamba bamvua ni maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu. Haambiwi kwamba ni maji ya saa kumi. Haambiwi kwamba bamvua inayokuja na bamvua iliyopita ni siku mbili tofauti kabisa kwa mwenye chombo, ingawa kina cha maji kinaweza kuwa kilekile. Kila kidahizo ni sahihi, lakini mtu aliyevisoma vyote asingeweza kuvuka Mkanda.

Pendekezo linalotolewa hapa si kwamba kamusi ya jumla igeuzwe kuwa kitabu cha ubaharia. Linalopendekezwa ni kamusi za kimaudhui ambazo vidahizo vyake vitaonyesha mahusiano: neno, siku yake ya mwezi, saa yake, msimu wake na jambo ambalo nahodha hulifanya anapolitamka. Kazi hiyo inahitaji watafiti watakaokaa chomboni, kwa kuwa maneno mengi ya aina hii hayajibiwi kwa dodoso. Anayemuuliza mzee maana ya maji mafu hupewa ufafanuzi. Anayepanda naye mashua siku ya maji mafu hupewa mfumo.

Hitimisho

Yapo maoni kwamba injini, simu zenye majedwali ya maji na bandari mpya ya Lamu, ambayo gati lake la kwanza lilizinduliwa Mei 2021, yameyafanya maarifa haya kuwa kumbukumbu tu. Maoni hayo yana ukweli wa kiasi. Jedwali hutoa saa ya kujaa kwa usahihi kuliko vidole. Lakini injini haimimini maji mahali pasipo na maji, na hata pale kina kinapoongezwa kwa mitambo, mchanga haukomi kutembea. Mji wa Pate hufikiwa kwa chombo maji yakijaa. Yakipwa, abiria hushukia Mtangawanda. Siyu iko ndani ya mkono wa bahari uliojaa mikoko. Mgonjwa anayepelekwa Lamu usiku wa maji mafu bado hungoja, na anayemsindikiza bado huuliza swali lilelile lililoulizwa na mababu zake.

Waswahili husema maji yakijaa hupwa. Methali hiyo kwa kawaida hufundishwa kama onyo kwa wenye cheo na mali. Kwa watu wa Mkanda ina maana ya karibu zaidi: kuna muda ambao njia iko wazi, muda huo una mwanzo na mwisho, na mwenye kuijua lugha ya maji huujua kabla haujafika. Wanaoijua lugha hiyo kikamilifu sasa ni wazee. Kazi ya kuikusanya nayo ina saa yake, na wataalamu wa Kiswahili wasipoiwahi, watakuwa wamepwelewa.